Tumbo lisilotulia na Ayurveda: maswali ninayoulizwa Marikiti

Ninauza viungo karibu na Marikiti, Mombasa. Mteja anakuja kupimiwa robo ya uzile, yaani bizari nyembamba, na kabla sijafunga mfuko ameshaniambia habari za tumbo lake: linajaa, linasokota, leo anaendesha, kesho siku ya tatu hajapata choo. Wengi wamesikia kwamba nami nimeuguza tumbo langu miaka 11, na kwamba nilichanganya hospitali na Ayurveda, tiba ya jadi ya India, hadi nikapata nafuu. Mimi si daktari wala si vaidya, yaani tabibu wa Ayurveda. Lakini maswali ni yale yale, na foleni nyuma ya mteja hainiruhusu kujibu ipasavyo. Majibu yangu haya hapa.

Ugonjwa wenyewe ni upi?

Hospitali wanauita IBS. Ni utumbo ambao ukipimwa unaonekana mzima, hauna kidonda wala uvimbe, ila haufanyi kazi kwa utulivu. Tangu 2016 madaktari wengi hutumia kipimo hiki: maumivu ya tumbo angalau siku moja kwa wiki, kwa miezi 3 iliyopita, na dalili ziwe zilianza si chini ya miezi 6 nyuma. Tena maumivu hayo yafungamane na mambo mawili kati ya matatu: kwenda haja, kubadilika kwa idadi ya safari za chooni, au kubadilika kwa choo chenyewe, kiwe kigumu au majimaji.

Usikubali mtu akuambie unajiwazia. Utumbo una neva zake nyingi mno, na zinazungumza na ubongo usiku na mchana. Kwa mwenye IBS neva hizo zimekuwa kali, hata gesi ambayo mwenzako haihisi kwako inakuwa msokoto.

Katika Ayurveda ugonjwa unaofanana nao zaidi unaitwa grahani. Kwanza hilo ni jina la kiungo, mahali juu ya kitovu panapopokea chakula na kukizuia mpaka kiive. Pakidhoofika, chakula huachiliwa kabla ya wakati, mara kikiwa kibichi, mara kimeiva, mara choo kigumu, mara maji. Charaka Samhita, mojawapo ya vitabu vikongwe vya tiba hiyo, ina sura nzima juu yake, ya 15 katika sehemu ya matibabu. Ila grahani na IBS si kitu kimoja kwa asilimia 100. Waganga wa kale hawakuwa na kamera ya kuingiza tumboni, kwa hiyo chini ya jina hilo huenda waliweka na magonjwa mengine ambayo leo tunayatenganisha.

Bibi yangu anasema ni chango. Je, ni kweli?

Bibi amekupa jina la maumivu, si la chanzo chake. Chango kwetu ni neno pana: minyoo, maumivu ya hedhi, utumbo, hata kizazi. Vivyo hivyo na "vidonda vya tumbo", ambavyo kila mwenye kiungulia anajipa bila kupimwa. Mheshimu bibi, kunywa chai yake ya tangawizi, kisha nenda ukapimwe.

Ni lazima nianzie hospitali?

Ndiyo. Hapa sibembelezi mtu.

Kuna ishara ambazo usizihesabu kuwa IBS kabla ya kupimwa: damu kwenye choo, au choo cheusi kama lami, kukonda bila kujinyima, homa, kuamshwa usingizini na kuendesha, upungufu wa damu, kutapika kila mara, matatizo kuanza ghafla baada ya miaka 50, au kuwa na mzazi au ndugu wa damu aliyepata saratani ya utumbo. Ukiona mojawapo, hakuna kiungo kibandani kwangu cha kukusaidia.

Mzee mmoja alikuwa akinunua tangawizi kavu kila wiki. Siku moja akasema, kwa sauti ya chini, kwamba ni kwa ajili ya "bawasiri", anaona damu tangu msimu wa mvua uliopita. Nilimrudishia pesa zake. Nikamwambia, "Baba, siku hii sikuuzii." Aliudhika, akaondoka bila salamu, lakini alikwenda. Walimkuta na uvimbe mdogo kwenye utumbo mpana, ukakatwa kwa kamera ile ile ya kuingizwa tumboni. Angekuwa bado anakunywa maji ya tangawizi hadi leo.

Hata bila dalili hizo, pimwa choo na damu. Vijidudu vya amiba na jiadia vipo, na vina dawa zake. Kuna na watu ambao shida yao ni maziwa tu, au ngano, au dawa ya sukari wanayomeza. Metformini huwaendesha wengi.

Mbona tumbo langu liliharibika baada ya kuharisha mara moja tu?

Hili ndilo swali ninalolipenda, kwa sababu majibu ya pande zote mbili yanakutana. Madaktari wanajua kwamba takriban mtu 1 katika 10 waliopata maambukizi makali ya utumbo hubaki na IBS baada ya wadudu wenyewe kwisha. Na Sushruta Samhita, kitabu kingine cha kale cha Ayurveda, kinasema mtu aliyetoka kuharisha, moto wake wa tumbo ukiwa bado dhaifu, akirudia kula ovyo, grahani humharibikia.

Mimi yalinipata hivyo hasa. Niliharisha siku 4, siku ya 5 nikaona nimepona, nikaenda arusini nikala pilau sahani mbili na nyama. Tumbo langu halikurudi kuwa lile la zamani. Siku hizi mtu akitoka kuharisha namwambia ale uji mwepesi na wali laini wiki nzima, hata kama njaa inamwambia mengine.

Huo "moto wa tumbo" ni nini?

Wanauita agni. Ni nguvu ya kupika chakula ndani ya mwili, na kwa Ayurveda karibu kila ugonjwa wa tumbo unaanzia hapo. Fikiria jiko la makaa la nyumbani kwenu.

Makaa yakishika sawasawa, wali unaiva kwa wakati wake. Hiyo ni agni iliyo sawa.

Makaa yakiwa yamenyeshewa, mara yanawaka, mara yanafuka moshi tu. Huyu ni mtu wa riahi: leo amekula muhogo wa nazi na hakuna neno, kesho chai tupu inamjaza tumbo kama ngoma. Choo chake hakitabiriki. Wateja wangu wengi wako hapa, nami nilikuwa hapa.

Makaa yakiwa makali mno, chakula kinaungua chini. Njaa kila saa, kiungulia, kuendesha kunakochoma.

Na makaa yakifunikwa na jivu, chakula cha adhuhuri bado kimelala tumboni magharibi. Mwili mzito, ulimi una utando mweupe, hamu ya kula haipo. Kinachobaki bila kuiva wanakiita ama, na wanaamini ndicho kinachouchafua mwili. Sayansi ya leo haijapata kitu cha kupima kinachoitwa ama, lakini mtu ambaye amewahi kula wali wenye kiini anaelewa kinachosemwa.

Vata, pitta na kapha, zile nguvu tatu za mwili za Ayurveda mnazoziona kwenye intaneti, si ngeni kwetu pwani. Wazee wetu waliotibu kwa kanuni za Kiyunani walizungumza juu ya riahi, safura na balghamu, juu ya chakula cha baridi na cha moto. Hesabu zao hazilingani moja kwa moja, lakini ukiwa Mswahili hutahitaji muda mrefu kuelewa.

Nile nini wakati tumbo limechafuka?

Mseto. Chakula ambacho Wahindi wanakiita khichdi na Ayurveda inakitumia kupumzisha tumbo, sisi tumekila tangu utotoni: mchele na pojo vilivyopikwa pamoja hadi vikalainika. Tofauti ni ndogo, na ndiyo muhimu.

Tumia pojo zilizoparazwa na kutolewa maganda, zile za manjano. Kikombe 1 cha mchele, nusu kikombe cha pojo. Osha mpaka maji yatoke safi, roweka nusu saa, mwaga maji hayo. Bandika na vikombe 6 vya maji, robo kijiko cha manjano na chumvi kidogo, na uache kichemke polepole mpaka ukikoroga kwa mwiko huoni punje. Kwenye kikaango weka kijiko kikubwa cha samli, tia kijiko kidogo cha uzile. Ukianza kurukaruka na kunukia, tia tangawizi iliyokunwa, mwisho kabisa mvuje kiasi cha punje ya mtama, hesabu hadi tatu, epua, mimina juu ya mseto. Kula ukiwa wa moto.

Mvuje mbichi una harufu ya kukimbiza mtu. Ukigusa samli ya moto, ghafla jiko zima linanukia kama kitunguu kilichokaangwa. Ndiyo sababu majirani zetu Wajaini, ambao hawali vitunguu wala thomu, wanautegemea. Kwa mwenye IBS hii ni neema, maana vitunguu na thomu ni miongoni mwa vitu vinavyojaza gesi kupita kiasi. Angalizo: mvuje wa unga mara nyingi umechanganywa na unga wa ngano, kwa hiyo asiyeweza kula ngano anunue ule wa donge.

Siku 2 au 3 za mseto zinatosha. Usiishi kwa mseto mwezi mzima, utadhoofika.

Maziwa je?

Maziwa mabichi na chai nzito ya maziwa huwasumbua wengi, kwa kuwa watu wazima wengi wa Kiafrika hawasagi vizuri sukari ya maziwa. Ayurveda, kwa grahani, inasifu sana takra, yaani mtindi mwepesi uliopigwa. Chukua robo kikombe cha maziwa ya mgando yasiyo na sukari, ongeza maji robo tatu ya kikombe, piga kwa mchapo mpaka povu litokee, engua mafuta yaliyopanda juu. Tia uzile uliokaangwa mkavu na kusagwa, na chumvi. Kunywa baada ya chakula cha mchana, si usiku, si barafu. Anza na nusu glasi. Tumbo likikataa, acha.

Kwa hiyo niache nazi, mahamri, mbaazi, pilipili?

Sitaki kukunyang'anya Mombasa yako. Nazi: tumia tui jepesi, la mkamuo wa pili, uliache lile zito kwa siku tumbo limetulia. Mbaazi na maharagwe: roweka usiku kucha, mwaga maji, chemsha kwa maji mapya na tangawizi; sehemu ya kile kinachozaa gesi inaondoka na maji yale. Mahamri 2 badala ya 5, tena yakiwa na moto. Pilipili, kama makaa yako ni makali, iache kabisa. Kama ni ya jivu, kidogo inasaidia. Kahawa tungu huamsha utumbo haraka, na anayeendesha asubuhi aisogeze mbele. Miraa na muguka hufunga choo na kuua hamu ya kula, na sijaona tumbo bovu likipona mdomo ukiwa na kishada.

Nafanya kazi za zamu bandarini. Saa za kula nazipangaje?

Ayurveda inataka chakula kikubwa kiwe mchana, jua likiwa juu, na cha usiku kiwe chepesi na mapema. Ukiwa wa zamu ya usiku huwezi. Ninachowaambia vijana wa bandari na madereva wa matatu ni kwamba kilicho muhimu kuliko saa yenyewe ni saa ile ile kila siku. Tumbo la riahi linachukia kushtukizwa. Beba chakula kutoka nyumbani kwenye chombo kinachohifadhi moto, kaa chini ule, usile ukitembea, na usiongeze mlo juu ya mlo ambao bado haujashuka.

Na kiasi: Charaka anasema ugawe tumbo mafungu matatu, moja la chakula kigumu, moja la kinywaji, moja liachwe wazi. Msikitini tumesikia mafunzo yanayokaribia hayo hayo, thuluthi ya chakula, thuluthi ya maji, thuluthi ya pumzi. Nilipomwambia vaidya wangu alicheka kwa furaha, akaandika kwenye daftari lake.

Dawa gani ninunue?

Kama ungeniuliza nichague jambo moja kati ya chakula na unga wa dawa, ningechagua chakula mara kumi. Lakini hizi ndizo zinazotajwa sana.

Isabgol, maganda ya mbegu yanayovimba kwenye maji, ndiyo yenye ushahidi mzuri zaidi wa hospitali kwa IBS, hasa ya kufunga choo. Kijiko kimoja kwenye glasi nzima ya maji, unywe mara moja kabla haijaganda, kisha glasi nyingine. Ukiimeza kwa maji machache inaweza kukwama.

Hingvashtak ni mchanganyiko wa mvuje, uzile, ajwaini, tangawizi kavu, pilipili manga na vinginevyo, hutiwa kidogo kwenye wali na samli kwa ajili ya riahi. Mwenye kiungulia asiuguse.

Trifala ni matunda matatu yaliyokaushwa: amla, haritaki na bibhitaki. Hulainisha choo. Anayeendesha haimfai, na ushahidi wake kwa IBS bado ni mdogo.

Kuhusu panchakarma, zile tiba za kusafisha mwili kwa mafuta na enema (dawa ya maji kupitia njia ya haja kubwa), usifanyiwe na mtu asiyesomea, na usifanyiwe ukiwa dhaifu.

Kuna duka linauza unga "wa tumbo" usio na lebo. Ni salama?

Usinunue. Nisikilize, kwa maana mimi niliununua.

Mwaka wa tatu wa ugonjwa wangu niliuziwa kopo la unga wa kijani, bila jina wala orodha ya vilivyomo. Wiki ya kwanza nilipata choo kama saa. Nikaendelea miezi 7. Nilipojaribu kuacha, utumbo ulikuwa umegoma kabisa. Siku 6 bila choo. Vaidya wa kweli alipochovya kidole akaonja, akasema papo hapo: sanamaki, na nyingi. Sanamaki ni dawa ya kufungua choo, ya siku chache tu. Mimi niliigeuza kuwa chakula.

Na hilo lilikuwa dogo. Baadhi ya dawa za Ayurveda hutengenezwa kwa kuchanganya madini kwa makusudi. Watafiti wa Marekani walipopima dawa 70 zilizouzwa madukani Boston, matokeo yaliyochapishwa 2004, 14 zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Mwaka 2008 walipima 193 zilizonunuliwa kwenye intaneti, na takriban 1 kati ya 5 ilikuwa hivyo hivyo. Risasi yenyewe huleta maumivu ya tumbo na kufunga choo, kwa hiyo mtu anaweza kuongeza dawa kumbe anaongeza ugonjwa. Tafuta lebo, jina la mtengenezaji, namba ya usajili wa Bodi ya Dawa na Sumu. Neno "bhasma" au "rasa" kwenye jina likuzindue: mara nyingi humo mna madini.

Naweza kuchanganya na dawa za hospitali?

Mwambie daktari kila unachotumia, na umwambie vaidya kila ulichoandikiwa. Urukususu hupandisha presha na kushusha madini ya potasiamu. Uwatu mwingi pamoja na dawa za sukari unaweza kuishusha sukari kupita kiasi. Vidonge vya manjano na vya ashwagandha, mzizi wa dawa wa Ayurveda, vimewahi kudhuru ini za watu. Manjano ya kwenye mchuzi hayana neno. Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda asijiongezee chochote. Na ukiwa una ugonjwa wa Crohn (uvimbe wa kudumu wa utumbo) au vidonda vya utumbo mpana, usiache dawa zako hata siku moja kwa sababu unajisikia vizuri. Kujisikia vizuri ni kazi ya dawa hizo.

Mjamzito, anayenyonyesha, na mtoto mdogo: chakula laini ndiyo, unga wa dawa hapana, mpaka daktari aseme.

Ramadhani nifanyeje?

Kufunga kwenyewe mara nyingi hulitulizia tumbo. Linaloliumiza ni meza ya futari. Fungua kwa maji ya uvuguvugu na tende 1 au 3, uji mwepesi, kisha nenda ukaswali Magharibi. Ukirudi, kula mlo mmoja wa kweli. Sambusa, viazi karai, bajia na kaimati vyote kwa pamoja juu ya tumbo lililolala kutwa ni kumwaga ndoo ya mafuta kwenye jiko lililo karibu kuzimika. Chagua kimoja. Daku usiikimbie, na iwe ya wali laini au uji.

Vaidya wa kweli nitamjuaje?

Muulize alisomea wapi. Shahada ya Ayurveda ya India, BAMS, ni miaka 5 na nusu pamoja na mwaka wa mazoezi hospitalini. Jamnagar, Gujarat, mkoa ambako familia nyingi za Kihindi za hapa zilitoka, kuna chuo kikubwa cha fani hiyo, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilianzisha hapo kituo chake cha tiba za jadi. Mjuzi wa kweli atakuuliza usingizi, choo, hedhi, kazi na huzuni zako kabla ya kutaja dawa. Atataka kuona karatasi zako za hospitali. Anayekuahidi kukuponya kwa siku 21, au anayekuambia uache dawa zako, mshukuru na uondoke.

Mawazo yanaweza kuharibu tumbo kweli?

Kweli kabisa. Sehemu kubwa mno ya serotonini ya mwili, kemikali ambayo neva huitumia kupelekeana habari, zaidi ya asilimia 90, iko kwenye utumbo. Mume wangu alipokosa kazi, tumbo langu lilijua kabla yangu. Kilichonisaidia ni kutembea asubuhi Mama Ngina, upepo wa bahari usoni, bila simu, kisha kulala kabla ya saa 4 usiku. Kuna na watu waliosaidiwa na ushauri nasaha, na si aibu.

Nitapona lini?

IBS hulala na kuamka. Hukai nayo vibaya maisha yote, lakini usitarajie siku utakayoambiwa imetoka. Mabadiliko ya chakula yape wiki 4 hadi 6 kabla ya kusema hayafai, na ubadilishe jambo moja moja, la sivyo hutajua lipi lilifanya kazi.

Nunua daftari la shule. Andika ulichokula, saa, choo, na kilichokuwa moyoni siku hiyo. Ukurasa wangu mmoja wa mwanzo una: "Saa 2 mahamri 4, mbaazi, chai ya maziwa. Saa 4 msokoto. Saa 5 kuendesha mara 3. Nimegombana na dada." Wa Ijumaa iliyopita una mstari mmoja: "Biriani ya arusi, sahani ndogo, saa 7 mchana, na mtindi. Usiku nimelala."